Mama Anayepita Nyuma

Kwa miaka thelathini Mzee Tabasamu alipiga watu picha bustanini na kuzitundika kibandani mwake. Ikaja sheria: picha ya mtu hadharani ni kwa idhini yake ya maandishi, na zisizo na idhini zitolewe ukutani. Mkaguzi, binti mpole, akafika kibandani, akaonyesha picha ya maharusi.

“Hawa wamesaini, mzee wangu. Huyu mama anayepita nyuma je?”

“Marehemu mke wangu, mwanangu. Sina picha yake nyingine. Akiona kamera tu, mbio!”

Binti akaitungua picha, akampa. “Basi kaa nayo nyumbani. Huko sheria haifiki.”

Jioni mzee akapakua sahani yake moja, akaiegemeza picha mezani, akamwomba mkewe radhi kwa kumpiga picha bila ruhusa.