Uzito wa Mwenye Gari

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini nikimtazama mbuzi nakuambia kilo zake. Sijisifu bure, uliza mnadani Kalamba. Miaka mingi nimeuza na kununua pale, na mizani ikibishana na mimi, mizani ndiyo huangaliwa upya. Wajukuu wangu wengine wamesoma mambo ya ofisi. Huyu ninayemwandika alisomea magari, na mimi humtaja wa kwanza, wenzake wakitaka wanune.

Aliajiriwa katika gereji moja pale Tulia, msichana peke yake kati ya wanaume wanne. Tulipomaliza kuvuna ndengu nilimpelekea nusu gunia nikakaa naye wiki moja. Mchana sikuwa na kazi, kwa hiyo nilikuwa naketi gerejini kwenye kiti cha plastiki, nasuka kiondo changu, nawatazama.

Wiki hiyo gari la mbio liliingia. Lilikuwa la buluu, limeshushwa hadi kuku hawezi kupita chini yake, na likinguruma unadhani mtu anakohoa kwa hasira. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Kitui mjini, mtu mnene, mwenye maneno matamu, anayependa kushindana na wenzake kwenye zile kona za kupanda Mbooni. Shida yake ilikuwa moja. Akilegeza mikono kidogo tu, gari linavuta kulia, na tairi za mbele zinalika upande wa ndani. Tairi mpya zinaisha kama sabuni.

Mwenye gereji, ambaye wote walimwita Fundi, alimpa mjukuu wangu kazi hiyo kwa sababu ndiye aliyesomea kunyoosha tairi, yaani kuzipanga zielekee sawasawa. Mijini kuna mashine ya kazi hiyo. Yeye alikuwa na uzi wa waashi, rula na pima maji. Alilipandisha gari juu ya mbao mpaka likakaa sawa, kwa kuwa ile gereji ni udongo mtupu wenye mashimo. Chini ya kila tairi akaweka vipande viwili vya bati vilivyolaliana, grisi kati yake, ili tairi igeuke bila kukwama. Halafu akavuta uzi pande zote mbili, akapima kutoka uzi hadi rimu, mbele na nyuma. Alifanya hivyo kutwa nzima. Mwenye gari akaja, akaliendesha, akarudi akasema bado linavuta.

Fundi alimwambia mjukuu wangu mbele ya watu wote, "Rudia mara moja tu. Likivuta tena, linakwenda Nairobi, na wewe unarudi kuziba pancha."

Mjukuu wangu aliinama akakusanya uzi wake. Mimi nilikuwa na jibu, tena refu, lakini nililimeza.

Kesho yake chakula cha mchana hakukigusa. Alichuchumaa kando ya gari akiliangalia tu, halafu akaniambia polepole, "Susu," kama Wakamba tunavyomwita nyanya, "nimelipima likiwa tupu."

Nikamuuliza kwani lilitakiwa kuwa na mimba. Akanieleza kwamba mtu akiketi kwenye usukani, upande ule unashuka na tairi zinabadilisha mkao. Gari la kawaida halijali sana, lakini hili limekazwa kila mahali, kitu kidogo tu linahisi. Hapo nikamwelewa haraka. Punda ukimpakia mtungi wa maji upande mmoja, atatembea akielekea hukohuko.

Basi alitaka uzito wa mwenye gari uwe ndani wakati anapima, lakini mwenyewe asingefika mpaka alasiri. Akampigia simu, akamuuliza kilo zake, wanaume wote wakisikia. Fundi alishika kichwa. Yule mtu akasema tisini.

"Huyo si tisini," nikasema. "Huyo ni mia na kumi na tano."

"Susu, amesema mwenyewe."

"Hata mbuzi angeulizwa angesema amekonda."

Wanaume walicheka. Mjukuu wangu hakucheka, na nilijua kwa nini. Akifuata tisini na iwe uongo, ni pancha. Akinifuata mimi na niwe nimekosea, ni pancha pia, na aibu juu yake, kwamba alipima gari la watu kwa jicho la nyanyake.

"Una uhakika?" akaniuliza.

"Mnadani siulizwi hivyo."

Akaamua mia na kumi na tano. Sasa nani aketi? Wale wanaume ni wembamba kama fito, na mwenye gari alikataza magunia kwenye kiti chake. Macho yote yakaja kwangu. Nilipelekwa kwenye duka la nafaka la jirani, nikapanda mizani, themanini na nne, na nikamwambia mwenye duka aisome kwa sauti ya chini. Kilo thelathini na moja zilizobaki zilitoka kwenye ndengu zangu mwenyewe, tukazitia kwenye mfuko safi nikapakata.

Sikuwa nimewahi kuketi upande wa usukani maishani mwangu. Kile kiti kinakukamata mbavu pande zote mbili. Niliingia kinyumenyume, wawili wakinisukuma, na nikaambiwa nisiegemee wala nisijipinde. Nilikaa saa mbili. Nikipiga chafya, kazi inasimama. Miguu yote ilikufa ganzi, lakini nilikuwa na raha. Chini nilisikia sipana ikilia na sauti ya mjukuu wangu ikijisemea, "Kidogo tena. Hapo. Hapo."

Alasiri mwenye gari alikuja akalichukua kwenda barabara ya lami. Tulimngoja. Fundi alinawa mikono mara mbili, na haikuwa michafu. Gari liliporudi, yule mtu aliinua mikono yote miwili juu akiwa bado mbali, nalo likaja lenyewe moja kwa moja kati ya nguzo za lango.

Akamuuliza Fundi walichofanya. Fundi akaanza, "Sisi tuli..." Mjukuu wangu akasema, "Nimelipima na uzito wako ndani. Mia na kumi na tano."

Yule mtu alitazama tumbo lake, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nacheka.

"Ongeza mbili," akasema.

"Hizo ni za chakula cha mchana," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika gari. Akasema marafiki zake wawili wataleta yao wiki ijayo, na anataka mkono uleule. Fundi akakubali, akasema hayo ni ya msichana.

Nilidhani mjukuu wangu atashukuru. Alipangusa mikono kwa kitambaa, akasema hatapima tena juu ya udongo. Anataka sakafu ya simiti, kutoka kwenye nguzo hadi ukutani, na ipigwe pima maji.

Wanaume waliacha kazi zao. Fundi alitazama chini, akakwaruza udongo kwa kiatu.

"Mifuko mingapi?" akauliza.