Kisanduku cha Mninga cha Mwanahawa

Nisiwafiche, juzi niliaibika Sindeni. Miaka kumi nimetangatanga na reli ya Mdachi, leo Korogwe, kesho Mombo, na kote huko nikimwaza Mwanahawa. Nilipomuaga nilimwachia kisanduku cha mninga nilichomtengenezea, chenye nyota ya mpingo kifunikoni. Kwani bado ananikumbuka?

Nilipofika kwake nilikuta ameshaolewa, na mumewe alinikaribisha vizuri. Na kisanduku hicho hapo, juu ya kabati! Nikakishika, machozi yakinilengalenga, nikajisahau kabisa.

"Tazama maungio haya, bwana. Hata wembe haupenyi. Mafundi wa hapa wataweza wapi? Hii ni kazi yangu!"

Mwanahawa akajifunika uso kwa kanga. Ajabu ni kwamba vumbi la mbao kwenye kanzu ya mumewe nililiona tangu mlangoni, ila sikulitilia maanani.

"Chako kilipasuka kiangazi kilekile, kaka," mumewe akasema taratibu. "Ulitumia mbao mbichi. Aliniletea vipande huku analia, nikashindwa kuviunga, nikamtengenezea hiki kwa kuiga. Ndivyo tulivyojuana."