Nusu ya Pili ya Kichekesho

Mtaani walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumdunga mtu sindano. Alikuwa na kibanda cha kuuza filamu: kompyuta moja, feni yenye kelele, na benchi ambalo yeye mwenyewe hakulikalia. Mwanamke huyu hakujua kutulia. Alipanga kilichokwisha kupangwa, akafuta vumbi lisilokuwepo, na kabla ya kumpa mteja filamu alimhoji kama mgonjwa, wote wawili wakiwa wima.

"Mara ya mwisho ulicheka lini?" alimuuliza fundi cherehani.

"Jana. Mume wangu alitoka na suruali ya mteja, akaenda nayo msibani."

"Basi kichekesho unacho ndani. Chukua hii ya kulia kidogo."

Lakini dawa aliyoiamini kuliko zote ilikuwa vichekesho vya wanafunzi wasiofanana na wenzao: yule anayefuga kunguru kwenye dawati, yule anayegombea ukiranja ilhali hana rafiki hata wa kumpigia kura. Wazee aliwapa filamu hizo, maharusi pia. "Usipompenda huyu mtoto," alisema, "rudi unitukane."

Alikuwa na sababu. Nyumbani alimlea binti wa kaka yake, mwanafunzi wa sekondari, aliyevaa koti la mvua jua likiwaka, eti kwa kuwa hakuna vazi jingine lenye mifuko ya kumtosha. Mifukoni mlikuwa na skrubu, nyaya, na mbawakawa waliokufa zamani. Shangazi alimpenda hivyo hivyo.

Daktari alikuwa na kasoro moja, nayo hakuiita kasoro. Kila filamu aliikata vipande viwili. Mteja aliondoka na cha kwanza, cha pili akakifuata kesho yake huku hamu imemkaba. Aliuita huo ujanja wa biashara. Ndivyo hila inavyojibatiza jina jema ikishapata duka lenye mlango na kufuli.

Mwalimu wa historia wa shule ya binti, aliyewaonyesha wanafunzi filamu kila Ijumaa, alikuja kumwomba kitu cha kuchekesha chenye mafunzo. Daktari hakufikiri mara mbili. Alimpa ile ya msichana ambaye rafiki yake pekee shuleni ni mbuzi. Alimpa kipande cha kwanza, kwa mazoea tu, kisha akamgeukia mteja mwingine.

Jumatatu iliyofuata binti alirudi nyumbani kabla ya wakati, akalitupa koti nyuma ya mlango.

"Shangazi, shule sirudi."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Wananililia kama mbuzi. Nikipita, meee. Nikijibu swali, meee. Hata kiranja!"

"Hayo wameyatoa wapi?"

"Kwenye filamu yako. Mwalimu alisema imetoka kwako."

Daktari alikaa, akainuka, akakaa tena. "Lakini mwishoni si wanaona aibu? Mwishoni si yule msichana..."

"Mwisho upi? Iliishia anapoanguka matopeni, shule nzima inamlilia kama mbuzi. Taa zikawashwa, tukaenda nyumbani."

Chai aliyoanza kumimina ilifurika kikombe, ikatambaa mezani, naye akaitazama tu. Dozi nusu haimponyi mgonjwa, humzoeza ugonjwa. Watoto wale walifundishwa kucheka, wakafungiwa mlango kabla ya kufundishwa wanamcheka nani. Na aliyeufunga ni yeye.

Kesho yake aliwahi ofisi ya walimu, akawa anazunguka meza mpaka mwalimu akaingia.

"Mwalimu, ile filamu haikuisha."

"Iliisha, mama. Watoto walifurahi mno."

"Niliikata. Ndivyo ninavyouza, ili mtu arudi."

Mwalimu alivua miwani. "Na mimi sikurudi."

"Hukurudi. Nipe Ijumaa hii niwaonyeshe iliyobaki."

"Nimeshawaahidi ya mpira. Watanila mzima."

"Wanile mimi. Nitasimama mbele yao mwenyewe."

Siku zilizobaki alizipitisha akiviunganisha vipande vya filamu zote kibandani, na kila jioni akimbembeleza binti, naye akijibu neno moja: "Siendi." Ijumaa akatoka peke yake.

Ukumbini waliposikia hakuna mpira, walizomea. Daktari alisimama mbele, mikono ikitafuta pa kukaa.

"Wanangu, niliwauzia kichekesho nusu. Nilikosea. Mkacheka nusu, na hiyo nusu mmemtupia mtu. Leo malizeni."

"Meee!" sauti ikatoka nyuma, vicheko vikafuata. Daktari aliiwasha filamu.

Kwenye skrini, mkuu wa shule alipanda jukwaani kusoma hotuba ya kumfukuza msichana. Mbuzi akapanda nyuma yake taratibu, akaila hotuba, ukurasa baada ya ukurasa, mkuu akiendelea kufungua mdomo bila neno. Ukumbi ulisita. Waliomzomea msichana kwenye filamu walikuwa wamesongamana kama kundi zizini, na watazamaji walianza kujiona.

Ndipo kicheko kikubwa, cha puani, kikalipuka mlangoni. Binti alikuwa amesimama pale, koti mwilini, akicheka mpaka akajishika mbavu. Wachache wakacheka naye, kisha wengi. Si wote.

Jumatatu binti alitoka tena na koti lake. Shangazi alibaki dirishani, mara akishika pazia, mara akiliachia. Mbele kidogo njiani, msichana mwenye mkoba mwekundu alilia, "Meee."

Binti alisimama. Shangazi akalikamata pazia kwa mikono yote miwili.

"Lete hotuba yako niile!" binti akasema, akinyoosha mkono.

Mwenye mkoba alitaka kununa, kicheko kikamshinda. Akachana karatasi kwenye daftari, akampa. Binti akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na skrubu zake, wakaenda njia moja, pengo la mtu mmoja katikati yao.

Shangazi alibaki kulitazama pengo lile mpaka wakapotea kwenye kona.