Walimu wa Bara

Nilinyoosha mkono kwa sababu ya kimya. Mwenyekiti wetu alikuwa amekwisha kutuambia kwamba anastaafu, kwamba chama kinahitaji mtu wa kukiongoza, na kwamba yeye hatoki pale mpaka mtu huyo apatikane. Kisha akanyamaza. Walimu wa historia wa Likoni, Kisauni na Changamwe, nje ya kisiwa cha Mombasa, watu wanaoweza kuzungumza kipindi kizima bila kumeza mate, wakaanza kukagua viatu vyao. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani, mdogo kuliko wote, mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Kimya cha watu wengi hunitisha kuliko kelele, kwa kuwa huwa nadhani kinanihusu. Nilihisi kila mtu mle ndani anangoja nifanye kitu, na mara nikauona mkono uko juu, nao ni wangu.

"Alhamdulillahi," mwenyekiti akasema, akaanza kukusanya karatasi zake upesi upesi, asije mtu akabadilisha nia. "Binti wa Mtongwe ametuokoa."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu mmoja wa Changamwe, mama wa makamo mwenye sauti nene, ambaye kila mkutano alikuja na chupa ya chai yake mwenyewe, akanigeukia.

"Umekula kiapo, Madam. Sasa hata ukiugua, utaugua ukiwa kazini."

Wakacheka, nikacheka nao.

Nikaogopa wiki nzima. Niliogopa mkuu wa shule yetu atafikiri najitafutia jina, na mkataba wangu usifike muhula wa pili. Niliogopa kusimama mbele ya walimu walioanza kufundisha kabla mimi sijazaliwa. Niliogopa kwamba wamenipigia makofi kwa huruma, kisha nikaogopa kwamba hawakunihurumia hata kidogo na kweli wananitegemea. Siku moja mama alinikuta jikoni, nimekalia mbuzi, nakuna nazi huku mawazo yako mbali.

"Mwanangu," akasema, "nyama ya nazi imekwisha. Unatukunia kifuu."

Nilikwenda Junda kumwona mwenyekiti mstaafu, nikitumaini ataniambia kwamba wamebadilisha uamuzi. Alikuwa barazani kwake na kikombe cha kahawa, ana furaha ya mtu aliyetua mzigo.

"Kazi yenyewe ndogo," akaniambia. "Kila mwaka tuna kongamano moja. Wanafunzi wa kidato cha nne wa shule zetu wanakusanyika mahali pamoja, walimu wanagawana mada, wanafundisha. Mwaka huu ni zamu ya shule yenu. Wewe utaandika ujumbe, watu watatoa udhuru, kisha watakuja. Mimi nilidhani naongoza walimu, kumbe miaka yote nimeongoza udhuru."

Kwa hiyo nilichotakiwa kufanya ni kuandika ujumbe tu. Niliuandika baada ya sala ya alasiri, na salamu peke yake ilinichosha. Nikianza na Asalaam aleikum, walimu Wakristo watajiona wametengwa. Nikianza na Bwana asifiwe, mama yangu atasikia na ataniuliza. Shikamooni haifai, kwa sababu wapo wa rika langu. Hamjambo ni ya darasa la kwanza. Niliacha salamu zote. Nikaandika tafadhali, nikaifuta kwa kuwa ilionekana kama naomba sadaka, nikaweka naomba. Mwisho nikaupeleka kwenye kundi letu la simu, ukisema hivi:

"Walimu wenzangu, kongamano la mwaka huu litafanyika shuleni kwetu Likoni. Kisiwani wana lao, kwa hiyo hili ni la walimu wa bara. Naomba kila mwalimu wa bara anitumie jina lake, shule yake na mahali anapoishi, ili nijue nani atavuka feri na tumpangie usafiri. Ahsanteni."

Nilikaa na simu mkononi. Alama za buluu zikajitokeza, maana yake watu wamesoma, lakini hakuna aliyejibu. Hata wale ambao hujibu kila kitu kwa kidole gumba hawakuweka kidole. Nilijiambia wako njiani kutoka kazini. Nikajiambia wanaswali, ingawa nusu yao hawaswali sala yetu. Adhana ya magharibi ilipoanza, simu ikalia kidogo, nikaona mstari mmoja wa kijivu: yule mama wa Changamwe ametoka kundini. Kabla sijaelewa, mwenzake wa shule ile ile naye akatoka. Kisha mwalimu mmoja wa Kisauni, kijana aliyetoka Kitui.

Mwenyekiti mstaafu akanipigia.

"Abee, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu nisomee ulichoandika."

Nikamsomea.

"Bara ipi hiyo?"

"Bara yetu. Likoni, Kisauni, Changamwe."

Akavuta pumzi. "Na bara hiyo wanaijua wangapi? Bibi yako na bibi yangu. Haya, sasa isome tena, na safari hii jifanye kwenu ni Kitui."

Nyumbani kwetu neno hilo halikuwa na miiba. Bibi yangu alizaliwa kisiwani akaolewa Mtongwe, na mpaka anafariki alisema kwamba aliozwa bara. Kwake yeye, ukishavuka maji ya Mombasa, upande wowote, uko bara. Ndugu zake wakija kututembelea walituita watu wa bara, nasi tukacheka. Hiyo ndiyo bara niliyokuwa nayo kichwani. Lakini mtu wa bara, kwa Kiswahili kinachosemwa leo mitaani kwetu, ni mtu aliyetoka mbali huko ndani ya nchi, mgeni hata akikaa miaka thelathini. Na Likoni, kabla sijazaliwa, neno hilo lilikuwa kwenye karatasi zilizopitishwa milangoni kuwaambia watu wahame. Nyumba zilichomwa. Watu walikimbilia feri na magodoro vichwani. Historia hiyo haimo katika mtaala tunaofundisha. Imo majumbani.

Nikausoma ujumbe wangu upya. Mtu wa Likoni anataka kila mwalimu wa bara amtumie jina lake na mahali anapoishi.

Nilitaka kuufuta, nikaona kwamba walimu wa historia ndio watu wa mwisho utakaowafutia kitu wasijiulize kwa nini. Nilitaka kueleza, nikaona kwamba kila maelezo yangekuwa marefu, na anayejieleza kwa urefu huonekana ana la kuficha. Mtu angeweza kuupiga picha ujumbe ule na kuupeleka kwingine, kwa mkuu wa shule, kwa watu wa kaunti, kwa watu nisiowajua ambao wangeupenda kwa sababu mbaya. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha zaidi. Kwamba yuko mtu, mahali fulani hapa kwetu, angeusoma akaniona mwenzake.

"Nifanyeje, mwalimu?"

"Usiandike tena," mzee akasema. "Umeandika vya kutosha. Nenda kwake."

Jumamosi nilivuka nikaenda Changamwe. Njiani nilitunga hotuba yenye mwanzo, kati na mwisho. Nilimkuta yule mama katika chumba cha walimu shuleni kwao, peke yake, anasahihisha insha. Chupa ya chai ilikuwa mezani. Hakunikaribisha chai.

"Karibu, Mwenyekiti."

Cheo kile alikitamka polepole, na hotuba yangu yote ikanitoka.

"Nilimaanisha bara ya Mombasa," nikasema. "Upande wetu huu. Si watu."

"Najua."

"Unajua?"

"Mwalimu wako mzee ameshanipigia. Amenieleza mpaka bibi yako alivyoolewa." Akaweka kalamu chini. "Sasa nikuulize, Madam. Unafikiri nilitoka kwa sababu sikuelewa Kiswahili?"

Akasogeza chupa ya chai kando, akaendelea.

"Baba yangu alikuja kutoka ndani ya nchi kufanya kazi bandarini. Tulikaa Likoni, nyuma ya soko. Mimi nilizaliwa hapo. Kabla ya mambo kuharibika, alikuja mtu mmoja nyumbani, jirani tu, mtu wa heshima. Akasalimu. Akauliza baba anaitwa nani na nyumba yetu inafika wapi. Mama akampa kiti, akamjibu yote. Alikuwa na adabu kama yako. Hakusahau kusema naomba." Akanitazama usoni. "Niliposoma ujumbe wako nilikuwa jikoni, nikaenda kufunga mlango. Mchana kweupe. Kisha nikajiona mjinga, nikakasirika, nikatoka kundini. Kwa hiyo usinieleze bara ni nini. Nieleze wewe unaogopa nini, kwa sababu unatetemeka tangu uingie."

"Naogopa hamtakuja," nikasema. "Changamwe wasipokuja, na yule wa Kisauni asipokuja, tutabaki chama cha sisi kwa sisi. Na mimi ndiye nitakuwa nimekigawa, kwa neno moja."

"Na mkataba wako?"

"Huo pia."

Akacheka kidogo, ingawa hakikuwa kile kicheko cha mkutanoni. Akaichukua insha nyingine, akasoma mstari, akaiweka.

"Nitawaleta watoto. Lakini somo la kwanza utafundisha wewe, na utafundisha hilo neno. Mbele yao wote, hapo hapo Likoni. Mimi nitakaa nyuma karibu na mlango. Nikiona mambo yanaharibika, nawachukua wanafunzi wangu tunaondoka, na mimi na chama tumeachana."

Nilisema sawa. Kutoka siku ile hadi siku ya kongamano sikulala vizuri. Niliona ukumbi ukizomea, kiti kikirushwa, basi la Changamwe likigeuza. Nilimwuliza mama kama naweza kuugua. Akasema naweza, lakini niugue baada ya kongamano.

Walikuja. Ukumbi wetu ulijaa sare za kila rangi, madirisha yote wazi na bado joto. Mama wa Changamwe aliketi mlangoni kama alivyosema. Yule kijana wa Kitui hakuja, wala wanafunzi wake. Niliandika BARA ubaoni, na herufi zikapanda kilima.

"Mtu wa bara ni nani?"

Msichana wa shule yetu, mwanafunzi wangu mwenyewe, akasimama.

"Ni mtu aliyekuja hapa kuchukua kazi za watu, mwalimu."

Alilisema bila ubaya, vile ambavyo angetaja sababu za vita katika mtihani. Baadhi wakaguna. Wanafunzi wa Changamwe wakageuka kumtazama mwalimu wao. Nikamwona mama yule akisimama. Nilijua anawachukua. Hakuwachukua.

"Wewe umezaliwa wapi, binti?"

"Likoni, mwalimu."

"Mimi pia. Nyuma ya soko. Basi mimi ni mtu wa wapi?"

Msichana akanitazama mimi, nikatazama chaki. "Kwa kuzaliwa ni wa hapa," akasema. "Lakini ukizungumza, mwalimu, ni wa bara."

"Mazungumzo yangu yana nini?"

"Yana haraka."

Ukumbi ukacheka. "Haraka hiyo nimeipata kwa kufundisha watoto wagumu," mama akasema, na bado hakuketi. "Endelea, Mwenyekiti."

Nikaendelea. Niliwaambia juu ya bibi yangu. Nikawaambia kwamba kwa watu wa kisiwani wa zamani, sote tuliomo ukumbini, tangu wa Mtongwe hadi wa Changamwe, ni watu wa bara. Hapo ndipo kelele zilipotoka, na hazikutoka nilikodhani. Wanafunzi wa Likoni walikataa katakata.

"Sisi? Wa bara? Hapana, mwalimu. Wallahi hapana."

"Bibi yako alikosea."

"Mwalimu, futa hilo."

Walikuwa wameudhika kweli, wengine wamesimama. Mama wa Changamwe akawangoja mpaka wakatulia.

"Sasa mmeonja," akasema, akaketi.

Kisha akawasimulia, akiwa pale pale kitini, juu ya jirani mwenye adabu. Hakuwaambia nani wa kulaumiwa. Msichana wangu hakuandika kitu wakati ule wote, alisikiliza tu. Mimi nilibaki ubaoni na jasho mgongoni, nikihesabu vichwa vinavyogeukia mlango, na hakuna aliyetoka.

Jioni nilimsindikiza mama yule mpaka feri, wanafunzi wake wametutangulia. Nilikuwa natafuta namna ya kumwuliza kama chama bado tuko nacho. Alinitangulia.

"Yule kijana wa Kitui nitazungumza naye mimi. Siahidi kitu, ana yake." Akahamisha mkoba bega. "Mwakani tufanyie Changamwe. Na unirudishe kundini, kwa sababu ujumbe nitauandika mimi."

Nikamwambia sawa. Akashuka na umati kuelekea feri, nami nikatoa simu, nikamrudisha kundini, na pale pale nikaanza kuogopa ataandika nini.