Siku Boma Liliponyamaza Kadzo Afanye Mtihani

Mimi na safari hatupatani. Malindi nimezaliwa, Malindi nimeota kitambi, na nikifika Ganda hapo jirani tu hujiona nimekwenda ng'ambo. Lakini asubuhi ile dada yangu Kadzo alipiga simu kutoka Magarini alikoolewa. Umeme umekatika, naye ana mtihani wa mwisho wa ualimu chuo kikuu, ule wa kufanyiwa nyumbani mbele ya kompyuta. Nimpelekee betri ya kuchajia.

"Kaka, kompyuta ikizima, narudia mwaka mzima."

Nikavaa viatu.

Njiani nilimsihi mwenye bodaboda aende polepole, akanitii hata mbuzi wakatupita. Basi nikachelewa.

Magarini, kabla hatujaifikia nyumba, mume wa Kadzo alitokea akipunga mikono yote miwili. "Zima pikipiki!" alinong'ona. "Ameshaanza. Kamera inamtazama, na sauti ya mtu mwingine ikisikika, mtihani unafutwa."

"Hata shikamoo?"

"Hata shikamoo, mlamu."

Waya wa kompyuta ulikuwa umetolewa dirishani, unaning'inia. Akauchomeka kwenye betri taratibu. Kitaa cha kijani kikawaka, nami nikapumua.

Uani ndiko nilikoduwaa. Boma lile nalijua: salamu zake huanzia kwa wazee zikaishia kwa ng'ombe. Leo watu wote wamekaa kando ya ukuta, kimya. Kinu kimelazwa ubavu. Jogoo yumo tengani, kafunikwa kanga mbili. Mavyaa wa Kadzo, yaani mama wa mumewe, ambaye ukimpita bila salamu hununa hadi mavuno, alinishika mkono, akanitazama machoni mpaka akamaliza kuwajulia hali jamaa zangu wote. Kisha akanyoosha kiganja: simu. Nikampa, akaikalia. Punde ikaanza kutetemeka, bila shaka mke wangu akitaka kujua kama nimefika mzima. Mama hakupepesa jicho. Majirani waliokuja kuteka maji walivua ndala wakapita kama waingiao msikitini.

Adhuhuri mlango ulifunguka. Kadzo alisimama kizingitini, kalowa jasho.

"Nimemaliza. Mtihani umepokelewa."

Hakuna aliyejibu.

"Jamani, si mseme!"

Hapo vigelegele vikapasuka. Mavyaa wake akainuka. "Shikamoo, mwalimu!"

"Mama, utanitia laana!" Kadzo alijifunika uso kwa leso, akicheka na kulia.

Jioni nilirudi Malindi. Siku zote nilidhani masomo ya mtandaoni ni mtu na mashine yake, basi. Nilimweleza mke wangu kwamba chumbani alikuwamo mtu mmoja, lakini mtihani ulifanywa na boma zima.

"Na wewe ulifanya nini huko?"

"Nilinyamaza."

Alicheka mpaka akakaa chini.