Kokwa ya Tilila

Jirani yangu hapa Rinkeby, kitongoji cha wahamiaji huku ughaibuni, Tilila, ni Mwamazigh kutoka milima ya kusini mwa Moroko. Kwao alikuwa mwimbaji. Aliimba barabarani akidai lugha ya mama yake ifundishwe shuleni, mpaka askari wakampakia garini. Alipotoka jela alihamia huku. Sasa anaosha vyombo kwenye jiko la shule moja Sundbyberg, na kila Jumamosi husimama uwanjani katikati ya jiji na kipaza sauti, akiimba majina ya wenzake waliobaki ndani. Wapita njia hawasimami. Yeye haachi.

Januari, mwaka mpya wa kwao, hupika uji mzito wa shayiri na kuficha kokwa ya tende ndani yake. Atakayeipata ana baraka ya mwaka mzima. Mwaka huu alitualika sisi Waswahili, na hakutueleza, maana kwao hata mtoto anajua.

Tulikula mpaka sinia likabaki tupu. Tilila akauliza nani ana kokwa. Ndipo akatueleza desturi, na Zephania, mzee wa kanisa letu, akakiri kwamba ameimeza. Kwao Bukoba mgeni hatangazi alichokikuta kwenye chakula cha watu.

Nilidhani Tilila atacheka.

“Mzee,” alisema kwa Kiswidi, “mimi nilifungwa kwa kukataa kunyamaza. Wewe umemeza baraka yangu kwa adabu. Jumamosi njoo uwanjani. Utapaza sauti mpaka hiyo kokwa itoke.”