Mama Panga aiacha barabara yake iote miti

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, na Mama Panga anaingia msituni ameinama. Panga lake liko kiunoni, ndani ya ala, na leo litabaki humo humo. Tawi linamchapa shavuni. Analisogeza kwa kiwiko, anapita, analiachia lirudi mahali pake. Mkono umeshafika kwenye mpini bila kutumwa.

"Mkono huu una mazoea mabaya," anasema, akiuondoa.

Ana miaka hamsini na miwili, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza akiwa mlinzi wa msitu huu. Jina la utani alipewa na wenzake ofisini, maana kwa kufyeka hakuna aliyemfikia. Siku saba za kila mwezi alisafisha barabara ya zamani ya kusombea magogo, kilomita kumi na moja kutoka langoni hadi bonde la kaskazini, kwenye chemchemi na miti ambayo watu wanne wakishikana mikono hawaizunguki. Ilikuwa safi, ungemwaga mchele ukauokota wote.

Bosi wake wa kwanza ndiye aliyemwagiza afyeke, ili gari la doria lipite. Gari lenyewe likafa mwaka wa tano, jingine halikuletwa. Bosi naye akahamishwa. Agizo likabaki.

"Hakuna aliyeniambia niache," anasema. "Na mimi si mtu wa kuacha kazi ya watu katikati."

Karibu miaka miwili iliyopita, bunge likapelekewa muswada wa kuufanya msitu huu pori lisiloguswa: humo usiingie msumeno, wala injini, wala lisijengwe hata banda, leo na siku zote. Sharti gumu lilikuwa moja tu, kwamba eneo lisiwe na barabara inayopitika. Mpima ramani wa wizara akaja na picha iliyopigwa kutoka angani, akaitandaza mezani. Katikati ya kijani kibichi palikuwa na mstari mweupe uliokwenda moja kwa moja hadi bondeni.

Ikabidi mpima aseme ukweli: kwa mstari ule, bonde la kaskazini lingeachwa nje ya sheria. Kila aliyekuwapo alijua maana yake, kwani wenye viwanda vya mbao walishaanza kuliulizia. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, ni nani anayeitunza barabara ile vizuri namna hii.

Masikini ya Mungu, Mama Panga alikuwa amejipalia makaa mwenyewe, tena kwa bidii, mwezi hadi mwezi.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mpima ramani akamweleza kwamba kamati ya bunge ingekuja kujionea baada ya mwaka mmoja na nusu, na kwamba dawa ni kutofanya lolote.

Kumbe kutofanya lolote nako ni kazi! Alianza kuzunguka kwa ukingo wa mto ili asikanyage machipukizi, saa tatu za ziada kila safari. Viatu vya kazi, ambavyo hutolewa jozi moja kwa miaka miwili, vikamwishia kwa miezi minane, na jozi ya pili akajinunulia. Mumewe, fundi baiskeli asiyeishiwa utani, alipoona panga linarudi halina hata tone la utomvu, akamuuliza kama siku hizi serikali inamlipa kwa kupunga upepo.

Lakini alipomkuta anafyeka ua wa nyumba mara ya tatu katika wiki moja, utani ukamwisha. Akamkalisha kibarazani, akamsikiliza hadi mwisho.

"Mama watoto, shamba la Mungu halihitaji kibarua," akamwambia. "Liache."

Akaliacha. Mwezi uliopita kamati ikafika na magari mawili. Mita mia tatu tu, la mbele likakwama kichakani. Wakateremka, wakaenda kwa miguu wakipasua majani kwa mikono. Saa nzima baadaye mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, jasho linamtiririka, akasimama kuvuta pumzi na kuuliza barabara yenyewe iko wapi.

"Mheshimiwa, umesimama juu yake."

Mwenyekiti akatazama chini, akatazama mche uliomfika kifuani, akacheka hadi akashika kiuno. Mstari umefutwa kwenye ramani, bonde limo. Kura zinapigwa wiki ijayo, na Mama Panga anakiri kwamba usingizi umemhama.

Amebakiza miaka mitatu astaafu. Mwingine angeota kiinua mgongo kinono au duka la kumtunza uzeeni. Yeye ana mpango mmoja.

"Siku yangu ya mwisho kazini nitaingia humu peke yangu, niitafute ile barabara," anasema. "Namwomba Mungu niikose."